Jaketi Lililokataa Kukauka

Sajini Ireri aliingia ofisini suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini, kitambaa cha kupigia deki mkononi, akilalamika kabla hata hajasalimia.

"Madam, stoo ya vielelezo imejaa maji tena. Mimi niliandikwa kukamata wezi, sikuandikwa kupiga deki."

Inspekta Kagure hakuinua kichwa. Mbele yake lilikuwa faili la Kirimi, fundi wa magari wa mjini Embu aliyekuwa seli kwa tuhuma za kumuua baba mkwe wake, mzee Gitobu, mfanyabiashara wa miraa kutoka Maua. Kesho asubuhi Kirimi angesimamishwa kortini kujibu shtaka la mauaji. Faili lenyewe lilikuwa limenyooka vizuri mno, halina kona wala shimo, na hilo ndilo lililomkosesha Kagure raha. Lilikuwa kazi ya wenzake. Yeye alikuwa amekabidhiwa jana tu alipotoka likizo, aweke sahihi na kulifunga.

"Bomba limepasuka?" aliuliza.

"Bomba gani, na mle hakuna bomba? Ni lile laifu jaketi la marehemu. Linatoa maji."

Kalamu ya Kagure ikasimama. "Ireri, mzee alizama Jumamosi. Leo ni Jumatano."

"Ndiyo hiyo nakwambia! Ile ya mkwewe ilikauka siku hiyo hiyo. Hii ya mzee nimeiwekea karai, karai limejaa, nimemwaga, limejaa tena. Sijui imelogwa."

Kagure alikuwa tayari yuko mlangoni.

Majaketi mawili ya kuokolea yalining'inia ukutani, kila moja kwenye msumari wake. La Kirimi lilikuwa kuukuu la kutia huruma: rangi yake ya machungwa imepauka, bega limeraruka, limebonyea kama mkate uliokaliwa. La mzee Gitobu lilikuwa bwana harusi. Limejaa, limenona, rangi inawaka, kingo zote zimezungushiwa uzi mnene mweusi kwa ufundi wa hali ya juu. Na kutoka ncha yake ya chini, tone lilikuwa likijikusanya, likaanguka karaini. To!

"Haya, nikumbushe Jumamosi," Kagure alisema, macho kwenye tone la pili.

Ireri alikuwa anaijua hadithi kama jina lake. "Kirimi alimleta mzee kutembea pale kwa hoteli ya Kailemia, kando ya bwawa la Kiambere. Wakapanda mashua, Njue akiwa nahodha. Mzee akaona viboko, akasimama awapige picha. Mashua ikayumba, wote wawili chubwi! Kirimi akaelea. Mzee akazama. Njue ameapa kwamba Kirimi ndiye aliyechagua majaketi kwa mkono wake, akamvika mzee, akamfunga vifungo. Na ujue mzee alimkatalia binti yake miaka mitatu kabla ya kukubali ndoa. Kwa hivyo wakubwa wakasema Kirimi alimkandamiza ndani ya maji."

"Ulishawahi kukandamiza jerikeni tupu majini, kifuniko kimefungwa?"

"Nikiwa mtoto. Linakuponyoka, linaruka juu."

"Na ungekuwa wewe mwenyewe umefungwa jerikeni jingine kifuani?"

"Haiwezekani, madam."

"Haiwezekani. Na mzee alipotolewa vifungo vyake vyote vilikuwa vimekaza, imeandikwa. Sasa niambie, mtu mwenye jaketi lililofungwa sawasawa anazamaje?"

Hakungoja jibu. Alikunja ngumi akalikandamiza jaketi la mzee kifuani. Maji yalimwagika chururu, yakamlowesha viatu. Akalikandamiza lile kuukuu: halikutoa hata tone. Kagure alihisi moyo wake ukianza kukimbia, zile mbio anazozipenda, zinazokuja pale kitu kinapoanza kujifungua chenyewe.

"Lete wembe. Na kamera."

"Unakata kielelezo? Mungu wangu!"

"Piga picha kwanza. Andika nani amekata, wapi na kwa nini. Halafu shika hapa."

Alipasua mshono kidogo, upana wa vidole viwili. Kitu cha manjano kikachungulia, laini, kimevimba kwa maji. Ireri alikivuta, akakibonyeza, akakitazama kama mtu aliyekuta kiatu kwenye sufuria ya githeri.

"Madam! Hii si ni godoro?"

"Sponji ya godoro, tena ya bei." Akapasua na lile kuukuu. Ndani mlikuwa na tabaka za povu gumu jeupe, vitundu vyake vidogo vimefungwa kila kimoja peke yake, kavu kabisa. "Hii ndiyo yenyewe. Hata ikibonyea, maji hayana pa kuingilia. Hiyo yako inakunywa. Dakika za kwanza itakubeba, halafu itakunywa maji mpaka iwe gunia la mchanga kifuani pako, na limefungwa vizuri, huwezi kulivua."

Ireri alijishika kichwa. Kisha uso ukamng'aa. "Basi Kirimi ni mbaya kuliko tulivyofikiri! Alilitengeneza hili makusudi, akamvika mzee!"

Kagure aliuinua ule uzi mweusi wa ukingoni. Alikuwa ameuona mahali. Uzi mnene uliofunikwa kitambaa, ukazungushwa pembeni bila kukunjika kwenye kona. Aliuona kila jioni, miguu yake ikiwa juu yake.

"Hii ni paipingi ya kochi," alisema polepole. "Huu ni mkono wa fundi wa viti. Na fundi wa viti hafungui rola la kitambaa kwa jaketi moja."

Alirudi mbio kwenye faili, akatafuta picha ya stoo ya hoteli. Hii hapa. Safu nzima ya majaketi yenye paipingi nyeusi, na kwenye kona, rundo la makuukuu. Polisi walikuwa wamechukua mawili tu. Mengine yote yalibaki hotelini.

Alimpigia Kailemia, mwenye hoteli. Simu iliita hadi ikachoka. Akapiga tena.

"Inspekta! Karibu siku moja tukuchomee samaki," Kailemia alisema. Nyuma yake kulikuwa na kelele, vigelegele na makofi.

"Kelele gani hiyo?"

"Wageni, madam. Kikundi cha akina mama kutoka Kibirichia, wakulima wa viazi. Wamefurahi hao! Wanaingia mashua wakaone viboko. Si mkubwa wenu alisema tuendelee na kazi, muuaji mmeshamshika?"

Kagure alisimama ghafla. "Wamevaa majaketi gani?"

"Yale mapya, bila shaka. Mimi siwezi kuwavika wageni—"

"Kailemia, zuia hiyo mashua! Isitoke!"

"Haloo? Inspekta? Unakatika. Haloo?"

Simu ilikufa. Kagure na Ireri walitazamana, halafu wakakimbia, Ireri na suruali yake vile vile magotini.

Barabara ya kwenda bwawani ina mashimo ya kutosha kuzika ng'ombe, na siku hiyo Ireri aliyapitia yote. Kagure alipiga simu tena na tena, hakupata mtu. Alikuwa amehudumu miaka kadhaa Homa Bay, kwenye ziwa lenyewe, na kule alijifunza kuendesha injini ya mashua na kuogopa maji kwa adabu. Alijua mashua iliyojaa watu wenye furaha inavyopinduka. Mmoja anaona kitu, wote wanaelemea upande mmoja, basi.

"Unajua kitu kibaya zaidi?" alisema, akishikilia mlango. "Sisi ndio tuliowaweka akina mama mle mashuani. Tungekuwa hatujamshika mtu, Kailemia asingefungua."

Ireri alizidi kukanyaga mafuta.

Walifika wakakuta gati tupu. Mbali kidogo, katikati ya bwawa, mashua ilikuwa ikielea, imejaa rangi ya machungwa, na wimbo wa kanisa ukija juu ya maji. Chini ya mgunga, karibu na ukumbi wa hoteli, mwanamume mwenye kofia ya Kiislamu alikuwa ameinama juu ya cherehani, akizungushia mto wa kochi paipingi nyeusi. Kagure alimwona, akamhifadhi kichwani, akapita.

"Nipe hiyo mashua ndogo," alimwambia Kailemia, aliyekuja akitweta. "Na majaketi. Si mapya. Nipe yale ya rundo."

"Yale mabovu? Madam, utajiaibisha!"

Kagure alikuwa ameshaingia stoo, amepiga magoti kwenye rundo. La kwanza, kifungo kimevunjika, akalitupa. La pili, mshono umeachia, akatupa. La tatu la mtoto. La nne akasoma lebo, akavuta mikanda, akalibonyeza na kungoja lirudi. Lilirudi, polepole lakini lilirudi.

"Madam, wanawake wanakufa, wewe unachagua nguo!" Ireri alipiga kelele.

"Mikono juu." Alimvika, akalikaza kifuani, akapitisha mkanda katikati ya miguu, kisha akalishika mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Lilimfika masikioni. "Hili linakuvuka kichwa, wewe mtu mkubwa. Vua. Jaribu hili." Hilo lilikaa. Naye akavaa jingine, akalikaza vile vile. "Sasa twende. Tukizama nasi, tutakuwa tumeongeza maiti tu."

Hapo ndipo Ireri alipokumbuka kwamba hajui kuogelea na kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni. Aliingia mashuani kwa makalio, akiomba kwa Kiembu.

Walipokaribia, Kagure alizima injini wasije wakasukuma mawimbi. Akina mama walikuwa wamesimama karibu wote, simu juu, wakiimba na kucheka. Na upande wa kulia, si mbali, maji yalitoa povu, mgongo wa kiboko ukainuka. "Huyooo!" Mashua ilianza kuelemea.

Ireri alivuta pumzi ya kupiga ukelele. Kagure akamfinya paja kwa nguvu zake zote.

"Ukiwaambia majaketi ni mabovu, wataruka wote kwa mpigo," alimnong'oneza. "Nyamaza."

Alifikiri haraka. Hawa ni akina mama wa kanisa. Wangekataa amri ya polisi, wangebishana, wangeuliza maswali. Lakini kulikuwa na amri moja ambayo wasingeikataa.

"Bwana asifiwe!" Kagure alipaza sauti, tabasamu usoni.

"Amina!" walijibu kwa pamoja, wakigeuka.

"Asifiwe tena! Mama zangu, mmefika salama kutoka Kibirichia, na hamjamshukuru Mungu juu ya maji haya. Tuombe. Tukae chini, tushikane mikono, tufumbe macho. Nani atatuongoza?"

Kukawa kimya kama kanisani. Akina mama waliketi, mmoja baada ya mwingine, kila mtu mahali pake. Mashua ikanyooka. Mama mnene mwenye kitambaa cha kijani, aliyeitwa na wenzake Mama Gikunda, alikohoa akaanza. Alikuwa mwenyekiti, na maombi yake yalikuwa ya mwenyekiti. Alianza na mvua, akaja kwenye mbegu za viazi, akakemea ugonjwa wa majani, akataja wakwe wenye viburi bila kutaja majina.

Nahodha Njue peke yake hakufumba macho. Alimtazama Kagure, na Kagure akamwonyesha ukingo wa bwawa kwa kidole, na kiganja chini: polepole. Injini ya Njue iliguna taratibu. Na hapo Kagure akaona. Kwenye mashua yote ile ya majaketi yanayong'aa, Njue alikuwa amevaa moja lililopauka.

"…na walio mbali, na walio seli, Bwana, uwatazame," Mama Gikunda alikuwa akisema mashua ilipogusa mchanga. Kagure ndiye aliyesema amina kwa sauti kuliko wote.

Walipokwisha kushuka wote, mguu wa mwisho ukiwa nchi kavu, aliwaeleza. Mama Gikunda alilitazama jaketi lake, akalivua, akaliweka chini mbali naye kama mtu anayeweka nyoka. Halafu akamgeukia Kagure.

"Na mimi nilikuwa nashangaa polisi mcha Mungu ametoka wapi!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu waliotetemeka, na wengine walikuwa wakilia ndani yake. Ireri alikuwa ameketi mchangani akiukumbatia mti.

Fundi wa viti aliitwa Khalifa, na alikuwa wa Kinoru, mjini Meru. Kailemia alimleta kutengeneza makochi ya ukumbi kwa sababu ndiye aliyeshona ya nyumbani kwake.

"Ni mimi niliyeyashona, sikatai," alisema, bado na fahari usoni. "Bosi alinionyesha yamebonyea yote. Nikamwambia, hiyo ni kama mto wa kochi, unatoa ya ndani unaweka nyingine. Wallahi, madam, sikuweka takataka! Niliweka sponji nzito, ile ya dhamana ya miaka kumi."

"Fundi, sponji hiyo inakunywa maji."

"Kochi haliingii majini—" Khalifa alianza, akasikia alichosema, akakaa juu ya mto wake mpya. Fahari ilimtoka yote.

"Yale mapovu meupe uliyoyatoa yako wapi?"

"Niliwapa wa jikoni. Wanapigia magoti wakisugua sakafu."

Ireri alitumwa kuyakusanya yote, moja moja kwenye mfuko wake.

Kailemia alianza kusema kabla hajaulizwa. Viti vya mashua ni vya mbao, wageni walikuwa wakikalia majaketi, basi yakabonyea. Yeye angejuaje? Kila mtu aliyasifu. Yeye ni mtu wa hoteli, si mtu wa bahari.

"Njue," Kagure alisema, bila kumtazama Kailemia. "Mbona wewe unavaa la zamani?"

Nahodha alishika mkanda wa jaketi lake. "Nimelizoea tu."

"Mapya yamejaa stoo. Mazuri hivyo. Umeyaona yakiingia, hata moja hujajaribu?"

Njue alikifungua kifungo kimoja, akakifunga tena.

"Njue, pale nyuma kuna mama ishirini waliokuwa wakikuimbia."

"Niliosha moja," alisema hatimaye, sauti chini. "Mtoto wa mgeni alilitapikia. Nikalitumbukiza hapo gatini, nikageuka kuchukua sabuni. Kurudi, silioni. Limeshuka. Nilimwambia bosi."

Kailemia aligeuka rangi ya majivu. "Huyu mlevi—"

"Nilikwambia mbele ya fundi wa jenereta! Ukasema nisikuharibie jina la hoteli, wateja wanakwenda hapo karibu tu, maji yametulia."

"Na Jumamosi," Kagure alisema, "ulimwona Kirimi akimvika mzee mojawapo. Ulimwona akifunga kifungo baada ya kifungo."

"Nilitaka kusema. Bosi alikuwa amesimama pale."

"Na polisi walipokuuliza, ukawaambia Kirimi ndiye aliyechagua."

"Alichagua kweli, madam."

"Alichagua kweli. Ukatuambia hilo, ukabakiza lile lingine, na mtu amelala seli siku nne akiitwa muuaji." Hasira ilimpanda Kagure hadi sauti ikapasuka. "Sajini, pingu. Za wote wawili. Fundi ataandika taarifa."

Jioni ile, kabla jua halijatua, Kagure alijaza pipa la maji katika uwanja wa kituo. Aliwaita watu wa marehemu waliokuwa wamefikia mjini wakipanga mazishi. Kinya, binti wa mzee na mke wa Kirimi, alikuja amejifunga leso nyeusi kichwani. Tangu Jumamosi hakuwa amemletea mumewe chakula hata mara moja. Alisimama mbali na mlango wa seli, mgongo ameuelekeza huko.

Kagure hakuhutubia. Aliweka jaketi kuukuu kwenye pipa, na jiwe limefungwa kwenye mkanda wake. Likaelea. Kisha akachukua moja la yale mapya, kavu, zuri, akalifunga jiwe kama lile. Nalo likaelea. Wazee wa Maua wakaguna. Halafu likainama upande mmoja, likatoa vipovu, likaenda chini kimya kimya, paipingi yake nyeusi ikiwa ya mwisho kuonekana. Kinya alishika ukingo wa pipa kwa mikono miwili.

Ireri alimtoa Kirimi. Alikuwa na ndevu za siku nne na macho ya mtu ambaye hajalala hata moja kati ya hizo. Kagure alimweleza kwa maneno machache, mbele ya wote. Kirimi hakusema asante. Alikuwa akitazama ndani ya pipa.

"Ulikuwa na mawili mkononi," Kinya alisema, sauti imekauka. "Kwa nini hukumpa baba hilo la zamani?"

"Kinya, si ni muthoni wangu?" Alisema neno hilo la mkwe kwa Kimeru, kama walivyozoea kwao. "Lilikuwa limeraruka bega. Linanuka samaki. Ningemvisha baba yako tambara mbele ya watu, mimi nivae zuri? Mimi aliyenikataa miaka mitatu?" Aligusa ukingo wa pipa. "Nilimwambia, mzee, wewe chukua hili, mimi baya linanitosha. Akafurahi. Ile ndiyo mara ya kwanza kuniita mwanangu."

Wazee wa Maua walitazama chini. Hakuna hata mmoja wao ambaye angemvisha mkwe wake lile tambara.

Kinya alilia hapo, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alipopata pumzi alimsogelea mumewe, akamshika kola ya shati chafu.

"Ungempa lile bovu ningekununia wiki nzima," alisema.

"Najua."

"Wiki nzima, Kirimi. Halafu tungeenda Maua, baba angekucheka, angechinja mbuzi, yaishe."

Alimwegemea. Wazee walisogea, mmoja akavua koti lake akamtupia Kirimi mabegani, kwa kuwa baridi ilikuwa inaanza kuingia. Ireri alilitoa lile jaketi zuri majini kwa mikono miwili, akalipeleka stoo, akaliwekea karai.